Stiki ya Kupimiwa: Oda Bila Kuchezwa

Kila base ya pool ina ule msee. Anaingia lokal na kamfuko keusi begani, anafungua zipu polepole ndio mbogi yote imcheki, anaunga stiki yake vipande viwili bila haraka, anaipaka chaki mpaka vumbi inajaa kwa mwanga. Dakika chache baadaye ashachapwa na morio ameokota stiki ya ukuta, ile imepinda, tipu imeisha, na kila mtu wa mtaa ashaishika. Watu wanacheka mpaka barman anapunguza ngoma aulize kuna risto gani.

Leo nataka tubonge kuhusu kuoda stiki ya snuka kwa fundi: imetengenezwa kwa mkono, imepimwa na mwili wako, na jina lako liko kwa kitako. Najua ushamfikiria huyo msee wa kamfuko. Shida yake si doo alitumia. Shida ni alinunua kitu ya kuonyesha mbogi. Stiki ya kupimiwa kazi yake ni ingine kabisa: inakunyang'anya visingizio. Urefu uko sawa, uzito uko sawa, tipu iko sawa, mbao imenyooka. Ukikosa red iko wazi katikati ya meza, ni wewe. Kama hauko tayari kuambiwa hiyo ukweli na kipande cha mbao, peleka ganji yako kwa ndula mpya. Kama uko tayari, kuja tuanze.

Pool ni pool, snuka ni snuka

Wengi wetu tumelelewa na pool. Meza ndogo, mashimo ya kusamehe, unatupa sarafu, mipira inamwagika, mshindi anabaki kwa meza. Hapo stiki yoyote inafanya kazi juu mchezo wenyewe uko na huruma. Snuka haina. Meza ni futi 12 kwa 6, na mipira ni 22: nyekundu 15, rangi sita, na ile nyeupe. Kila mpira ni milimita 52.5 tu, na midomo ya mashimo imekatwa mviringo, so mpira ukigusa pembeni vibaya kabla ya kuingia unatemwa nje. Ukikosea kidogo sana mkononi upande huu wa meza, ikifika upande ule ushakosa shimo kabisa.

Ndio maana tipu ya snuka ni nyembamba, milimita 9 hadi 10, wakati ile ya pool ya Kimarekani ni 12 hadi 13. Tipu nyembamba inakuachia uone ni wapi hasa unagonga nyeupe. Pia inafanya mbele ya stiki iwe nyepesi, na hiyo inasaidia ukipiga na spini ya pembeni: nyeupe haisukumwi mbali sana na laini yenye ulikuwa umelenga. Ukiingia klabu ya snuka na stiki yako ya pool utacheza, lakini utakuwa unapigana nayo usiku mzima.

Huu mchezo ulianzia kwa maofisa wa jeshi la Uingereza wakiwa Jabalpur, India, 1875. Jina la Neville Chamberlain ndio hutajwa, na si ule waziri mkuu, ni msee mwingine wa jeshi. Kila mahali Mbeberu alifungua klabu, meza ikamfuata, na huku kwetu ikakaa kwa klabu za memba za Nairobi na Mombasa, zile za kuingia na shati imechomekwa. Pool ndio ilishuka mtaa. Leo msee wa Eastlando akipata beshte wa kumsaini mlangoni anaingia na jicho lake la pool, jicho kali kabisa, halafu anagundua mkono ndio bado. Na hapo ndio wazo la stiki yako mwenyewe huanza kuwasha.

Mbao kwanza, urembo baadaye

Stiki ya snuka ya fundi ina sehemu mbili. Kuna shafti, ule mti mweupe mrefu wa mbele, na kuna kitako, ile sehemu nyeusi nzito yenye unashika. Wasee wengi wakitumiwa picha na fundi wanaangalia kitako pekee, juu ndio kimerembwa. Hapo ndio unachezwa. Mpira unapigwa na shafti.

Shafti huwa ya mti wa ash ama maple. Ash ina nyuzi zinaonekana wazi, na ukiizungusha utaona zinaungana zikafanya alama za mishale, moja juu ya ingine, kutoka mbele mpaka kwa kitako. Wachezaji huweka mishale ikiangalia juu kila wakipiga, ndio stiki ikae vile vile mkononi kila saa. Maple ni laini kwa macho, nyuzi hazionekani sana, na msee anachukia kuangalia mistari akilenga anaipenda hiyo. Hakuna yenye imeshinda ingine. Ni mkono wako na jicho lako.

Kitu ya kuuliza fundi ni hii: nyuzi zimenyooka? Ash nzuri nyuzi zake zinakimbia sambamba na stiki kutoka mwanzo mpaka mwisho. Zikitoroka kwenda pembeni, hiyo mbao siku moja itataka kufuata njia yake na stiki itapinda. Swali la pili: imekauka muda gani? Fundi wa ukweli hakati mti leo akakuuzia stiki mwezi ujao. Mbao inakaa miaka kwa stoo ikipoteza maji. Hata akianza kuikata, anaipunguza kidogo, anaiacha ipumzike, anaiangalia kama imejikunja, halafu ndio anarudi kwayo. Ile yenye imejikunja inatupwa ama inakuwa kitu kingine. Sehemu kubwa ya bei yenye unalipa ni zile mbao zingine zilikataliwa ndio yako ikubaliwe.

Na ash siku hizi si ya mchezo. Ulaya kuna ugonjwa wa ukungu unaua hii miti, ulianza kuonekana Poland miaka ya 1990 na ukathibitishwa Uingereza 2012. Marekani Kaskazini nako kuna mdudu wa kijani kutoka Asia aligunduliwa Michigan 2002, na tangu hapo ameua miti kwa mamilioni. So fundi mwenye ako na akiba ya ash ya zamani, imenyooka na imekauka, anakalia mali. Akikuonyesha vipande viwili vitatu uchague, shukuru.

Mkono ama mashine

Sasa kuja kwa kitako. Kile cheusi kwa kawaida ni ebony, mbao nzito kiasi ukiitupa kwa maji inazama. Uzito wake ndio unavuta stiki nyuma ikae vizuri mkononi. Swali ni vile hiyo nyeusi imeungwa na ile nyeupe, na hapo ndio utajua kama umepewa kazi ya mkono ama umeuziwa jina.

Mashine inafanya hivi: inakata meno ya pembe kali kwa shafti na kwa kitako, halafu yanaingiliana kama vidole. Ukicheki hiyo stiki, ncha zenye nyeupe na nyeusi zinakutana ni kali na zimenyooka. Si kazi mbaya, na inashikilia miaka mingi.

Kazi ya mkono ni risto ingine. Fundi anaacha mwisho wa shafti ukiwa wa pembe nne, anapiga randa kila upande ukate kwa mteremko, halafu anabandika vipande vinne vya ebony, kimoja kila upande, kwa gundi na vibano. Ikikauka anaanza kuitoa pembe: nne zinakuwa 8, 8 zinakuwa 16, mpaka inakuwa mviringo. Randa, halafu msasa, halafu macho. Penye nyeupe na nyeusi zinakutana panatokea ndimi nne ndefu zenye zimepinda kiulaini, kazi ya randa na mteremko ule. Zungusha stiki polepole. Kama hizo ndimi nne zinaisha kwa urefu mmoja, huyo fundi mkono wake hautetemeki. Kama moja iko juu na ingine iko chini, ako na haraka, ama ako na mwanafunzi.

Baada ya hapo ndio urembo unaingia: vipande vyembamba vya mbao ya rangi vinabandikwa chini ya kitako, nyekundu, kijani, njano, na ile sehemu imekatwa bapa ya kuweka beji na jina. Ni poa, hata mimi napenda. Lakini kila rangi unaongeza ni saa za fundi, na saa za fundi ni ganji. Kama bajeti ni ndogo, chukua ndimi nne za ebony bila rangi, na pesa imebaki iende kwa shafti.

Vipimo vyako

Fundi wa suti hapimi ndoto yako, anapima bega lako. Huyu pia. Ukimwandikia meseji useme unataka "stiki kali", atakurudishia maswali mpaka uchoke, so beba majibu mapema.

Urefu. Stiki nyingi za snuka ni inchi 57 hadi 58, yaani sentimita 145 hadi 147. Sheria za mchezo hazikubani sana: zinataka tu isipungue futi tatu na iwe na umbo la kawaida la kuchongoka kwenda mbele. Njia ya mtaa ya kujipima ni kuisimamisha chini kando yako. Ikifika mahali kati ya kwapa na bega, uko kwa njia. Wasee warefu, usioneshe ujeuri, agiza ndefu. Wafupi nao wasikubali ile ya kawaida juu ya aibu. Utakuwa unashika katikati ya kitako miaka yote na balansi yote ya fundi inaenda bure.

Uzito. Nyingi ziko kati ya aunsi 17 na 19, karibu gramu 480 hadi 540. Kuna msee hupenda nzito juu inamtuliza mkono, kuna ule hupenda nyepesi juu anaisikia. Chukua stiki yenye unachezanga nayo vizuri, iweke kwa mizani ya mathe ya kupimia unga wa keki, andika namba.

Balansi. Hii ndio wengi husahau. Weka hiyo stiki juu ya kidole kimoja mpaka itulie, halafu pima kutoka hapo hadi mwisho wa kitako. Nyingi zinatulia kati ya sentimita 40 na 45. Stiki mbili za uzito mmoja zinaweza kujisikia tofauti kabisa juu moja uzito uko mbele na ingine uko nyuma. Fundi akijua hiyo namba, anajua ni wapi aongeze na ni wapi atoe.

Tipu. Anza na milimita 9.5 kama hujui. Ukishuka hadi 9 unapata spini tamu na adhabu chungu ukikosea. Ukipanda hadi 10 inakusamehe kidogo. Kwa ncha kuna kipete cha brasi chenye kinashikilia mbao isipasuke, na juu yake ndio ngozi inabandikwa.

Unene wa kitako. Karibu milimita 29 ni ya watu wengi. Mikono mikubwa iseme mapema, juu kitako kikishapigwa msasa unaweza kupunguza, hauwezi kuongeza.

Jointi. Hapa kuna njia tatu. Stiki ya kipande kimoja haina skrubu kabisa na wazee wa mchezo huiapia. Ile ya kukatwa katikati inabebeka rahisi. Halafu kuna ile ya robo tatu: kitako kifupi, shafti ndefu, jointi ya brasi iko nyuma karibu na mkono, na shafti yote inabaki mbao moja mpaka kwa tipu. Kwa msee wa Nairobi anapanda mat na kamfuko, robo tatu ndio jibu. Kipande kimoja cha sentimita 147 kwa nganya ya saa kumi na mbili jioni ni vita na makanga.

Mwisho, mwambie fundi akuwekee skrubu nyuma ya kitako ya kuunga kirefusho. Meza ni futi 12, na kuna mipira hutafikia hata ukiwa na mikono ya kipa.

Kama kuna stiki yenye ushacheza nayo mpaka mkono ukaizoea, hata kama ni ya bei ya chini, usiitupe. Wachezaji wengi wazito wakienda kwa fundi hawaombi kitu mpya. Wanaweka ile ya zamani kwa meza na kusema: nitengenezee hii.

Fundi na foleni yake

Jina lenye utasikia kwanza ni John Parris, fundi wa kusini mwa London, juu Ronnie O'Sullivan amecheza na stiki zake miaka mingi. Liverpool kuna Peradon, kampuni ya tangu karne ya 19. Thailand na China pia ziko na mafundi wa mkono, na wanacheza na bei tofauti. Kwa mafundi wazito wa Uingereza, stiki ya oda inaanzia mamia ya pauni na inapita elfu ukianza kuongeza madoido. Geuza hiyo kwa shilingi kabla hujamwambia dem wako.

Foleni ni miezi, na kwa wengine hupita mwaka. Unalipa amana, unangoja. Usimsumbue fundi kila wiki na "niaje, imefika wapi?" Mbao inapumzika. Lakini kabla ya kulipa amana, uliza maswali ya maana na upate majibu kwa maandishi. Nani atapiga randa, ni yeye ama msaidizi? Naweza kuona picha ya shafti yenyewe kabla iunganishwe na kitako? Ikipinda mwaka wa kwanza, inakuwaje? Amana inarudi ama hairudi? Fundi mwenye anaijua kazi yake hatakasirika, atafurahi kuona hauko hapo kununua beji.

Na ukikuta mtu anauza "stiki ya fundi fulani" kwa mtandao na bei imeshuka ghafla, jua beji ni kipande kidogo tu cha chuma, kinabandikwa na gundi. Angalia ndimi nne, angalia nyuzi, angalia kama shafti imenyooka ukiivingirisha mezani. Beji iangalie mwisho.

Mpingo wetu na makaratasi

Hapa kuna kitu inatuhusu sisi. Kuna mafundi hutengeneza kitako kwa mpingo, ule mti wa kwetu wenye unatoka sana Tanzania na Msumbiji, ule ule hutengeneza klarineti na obo, na wenye wachongaji wa Ukambani wanaujua kwa mkono. Ni mzito kuliko maji, mweusi wa kuvutia zambarau, na ukipigwa msasa unang'aa wenyewe.

Lakini mpingo unakua polepole sana na umekatwa sana. Tangu Januari 2017, karibu jamii yote ya miti ya Dalbergia, mpingo ukiwemo, iko kwa orodha ya pili ya CITES, ule mkataba wa dunia wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini. 2019 sheria ikalegezwa: vyombo vya muziki vilivyokamilika vikatolewa, na bidhaa zingine zilizokamilika zikapewa nafasi kama mzigo hauna zaidi ya kilo 10 za hiyo mbao. Stiki yako imekamilika, haifiki hata kilo moja, so iko fiti. Wazo lenye linaleta ngori ni lile la kununua gogo la mpingo na kulituma majuu ndio fundi akutengenezee "kitu ya nyumbani". Mbao ghafi inataka kibali cha kutoka nchini, na bila hicho inabaki kwa forodha na wewe unabaki na maswali ya kujibu.

Kama unataka mpingo kwa kitako, muulize fundi ameutoa wapi. Kilwa, Tanzania, kuna vijiji vilipata cheti cha FSC, kile cha msitu unaotunzwa vizuri, 2009, na huko mti ukiuzwa kijiji kinapata. Epuka pia kitako cha rosewood ya Brazil kwa stiki ya kuvuka mpaka. Hiyo iko kwa orodha kali kabisa ya CITES tangu 1992.

Kutoka majuu mpaka keja

Stephen Hendry alishinda mataji yake saba ya dunia, kutoka 1990 hadi 1999, na stiki ya bei rahisi yenye alikuwa nayo tangu akiwa mtoi. 2003 ikavunjika ikisafirishwa kwa ndege. Ilimuuma, na dunia yote ya snuka ikaongea. Lakini 2005 alichukua Malta Cup na stiki ingine. Hapo kuna masomo mawili. La kwanza, stiki ya bei ya chini yenye imekutosha inaweza kukupeleka mpaka juu kabisa. La pili, usiwahi kuachia kampuni ya ndege stiki bila boksi ngumu.

So lipia boksi gumu, la alumini ama plastiki nzito, na ndani iwe imejazwa sponji. Ikitumwa kwa kuria, lipia bima ya bei kamili. Ikifika, KRA watataka yao: kuna ushuru wa forodha, na VAT ya asilimia 16 juu. Weka hiyo pesa kando siku unalipa amana, juu hakuna kitu inauma kama stiki yako iko JKIA na wewe umesota.

Ukishaipata

Usikimbie kwa mechi. Ngozi mpya ya tipu, iwe Elk Master ama ingine, ni laini mwanzoni na inapanuka kama uyoga ukiipiga. Ikate pembeni, iweke mviringo, cheza mazoezi mpaka itulie. Jifunze kubadilisha mwenyewe ama utafute msee mmoja unaamini, na umshikilie huyo huyo.

Shafti ya ash ya fundi mara nyingi haipakwi vanishi, inapakwa mafuta ya kitani. Ukimaliza kucheza ipanguse na kitambaa kikavu, utoe jasho na vumbi ya chaki. Usiiache kwa gari imeegeshwa juani, hata saa moja. Usiiegemeze ukutani ukilala. Ukiibeba kutoka Nairobi kwenda Mombasa, iache ndani ya boksi siku ya kwanza, hewa ya bahari iingie polepole, juu mbao inakunywa unyevu na inahitaji muda. Na usiazime mtu. Sio uchoyo. Kila mkono una jasho yake na nguvu yake, na ukishazoea stiki yako, utasikia kama imeshikwa na mwingine.

Ipe pia muda wa kukuzoea. Hata mabingwa hulia na stiki. Januari 2025, kwa Championship League huko Leicester, Ronnie O'Sullivan alichapwa na Robert Milkins, akavunja stiki yake na kuitupa kwa pipa, halafu akajitoa kwa Masters. Aprili akarudi Crucible, Sheffield, kwa mashindano ya dunia, na stiki ingine, akafika nusu fainali, na Zhao Xintong akamnyoosha 17-7. Zhao ndio akabeba taji, Mchina wa kwanza kufanya hivyo. Huyo ni Ronnie, mabingwa saba wa dunia ndani ya mwili mmoja, na bado stiki ilimletea shida. Wewe ukikosa red wiki ya kwanza, tulia.

Fom yangu ni hii. Kama bado haujacheza snuka mwaka mmoja, usiode kitu. Nunua stiki ya kawaida imenyooka, cheza nayo, jua mkono wako unataka nini. Ukishaweza kusema urefu, uzito, balansi na tipu yako bila kufikiria, hapo ndio umtafute fundi, uode ash imenyooka, ndimi nne za ebony, jointi ya robo tatu, na rangi uwaachie wengine. Lipa vizuri, ngoja bila kusumbua. Ikifika, usiipost kabla haujaipiga break ya 30, yaani pointi 30 mfululizo bila kukosa. Stiki isiyo na break ni fanicha.